Dondoo muhimu: Kitenzi cha Kiingereza na yambwa yake

Kitenzi elekezi kama "like" hudai yambwa, na hapa ndipo wazungumzaji wa Kiswahili huteleza. Tunasema "nimeipenda", yambwa ikiwa imeshajibana ndani ya kitenzi. Kisha kwa Kiingereza tunaandika "I liked" na kuishia hapo. Andika "I liked it", kila mara.

"Discuss" hupokea yambwa moja kwa moja: "We discussed the budget", bila "about".

"Lie" si elekezi, "lay" ni elekezi. Jozi hii huwasumbua hata Waingereza, maana "lay" pia ni wakati uliopita wa "lie". Kariri: "lie, lay, lain", "lay, laid, laid".

Una shaka kama kitenzi ni elekezi? Mara nyingi kauli ya kutendwa husaidia: "The budget was discussed" inakubalika, "The guests were arrived" haikubaliki.