Majira ya Baridi Katika Jengo la Wengi: Kijitabu cha Kaya

Kijitabu hiki ni cha familia zinazosema Kiswahili, zilizotoka Kongo, Burundi, Tanzania au Kenya, ambazo sasa zinaishi apatimenti katika miji ya kaskazini mwa Marekani: Minneapolis, Des Moines, Buffalo, Portland ya Maine na kwingineko kwenye theluji. Habari za koti, kofia na soksi mmeshapewa na waliowatangulia. Hapa tunazungumzia jengo lenyewe, maana ajali mbaya za msimu huu mara nyingi humkuta mtu akiwa nyumbani kwake, na baadhi yake huanzia kwa jirani.

Uvira au Kigoma jiko liko uani na moshi unajiendea zake. Apatimenti ya huku imezibwa kila ufa ili joto lisitoke. Kinachozuia joto kutoka huzuia pia moshi, mvuke na virusi vya mafua. Tena ukuta unaouegemea ni wako upande mmoja tu. Upande wa pili kuna kitanda cha mtu.

Mkaa hauingii ndani, hata umeme ukikatika

Dhoruba ikipiga, umeme unaweza kwenda, na mitambo mingi ya joto, hata ile ya gesi, haifanyi kazi bila umeme. Hapo ndipo mtu anapokumbuka jiko la mkaa alilonunua kwa ajili ya nyama choma za kiangazi. Usiliingize ndani. Usiliwashe kwenye baraza lililozibwa kwa plastiki, wala chini ya dirisha. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi, harufu wala muwasho. Inachukua nafasi ya oksijeni ndani ya damu; mtu analegea, anasinzia, haamki. Makaa mekundu yasiyo na moshi, ambayo wengi wetu tumelelewa tukiamini kuwa yameshakuwa salama, bado yanaitoa. Hata kwetu milimani watu wamekufa kwa kuota moto wa mkaa chumbani, na nyumba zile zilikuwa na upenyo chini ya mlango na juu ya ukuta. Huku upenyo huo haupo.

Februari 2021, Texas ilipopigwa na baridi isiyo ya kawaida na mamilioni wakakosa umeme, watu zaidi ya elfu moja walifikishwa hospitali kwa sumu ya gesi hii. Walikuwa wameingiza majiko ya mkaa ndani, au wamewasha jenereta au gari ndani ya gereji ili wapate joto. Baadhi yao walikufa.

Gesi hii haisimami kwenye ukuta. Hupenya hata bodi ya jipsamu inayotenganisha vyumba, kwa hiyo unaweza kuwasha mkaa wewe akazimia mtoto wa mwenzako. Dalili zake hufanana na mafua: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kuisha nguvu. Ila homa hakuna, walio ndani wanaumwa kwa pamoja, na anayetoka nje anapata nafuu. King'ora cha gesi hii hulia mara nne mfululizo, hutulia kidogo, kisha hurudia. Kikitoa mlio mmoja mfupi kila baada ya dakika moja hivi, betri inakwisha. Kikilia mara nne, tokeni wote kwanza, gongeni milango ya jirani mkiwa njiani, halafu pigeni 911 mkiwa nje. Asiyejua Kiingereza aseme "Swahili" na anwani yake. Mpokea simu ataunganisha mkalimani. Msirudi ndani kuchukua kitu mpaka zimamoto waseme.

Oveni ya gesi nayo haikutengenezwa kupasha chumba joto. Na gari lililofunikwa na theluji lisafishwe bomba la ekzosi kabla ya kuwashwa, hasa kama watoto wanasubiri ndani yake.

Hita ya umeme, na mlango unaofunga wenyewe

Tarehe 9 Januari 2022, katika jengo la Twin Parks North West lenye ghorofa 19 huko Bronx, New York, hita ndogo ya umeme iliwasha moto ndani ya nyumba moja ya ghorofa za chini. Miali yenyewe haikufika mbali. Lakini familia ilipokimbia, mlango wa nyumba haukujifunga kama ulivyopaswa, na mlango wa ngazi kwenye ghorofa nyingine juu ulikuwa wazi pia. Moshi ukapanda kwenye ngazi. Watu 17 walifariki, 8 kati yao watoto, wengi wakiwa familia zenye asili ya Gambia, na waliokufa hawakuwa wenye hita.

Hita ikae mbali na kitanda, pazia na nguo kwa hatua moja kubwa, yaani mita moja hivi kila upande. Ichomekwe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, si kwenye ekstensheni, kwa sababu hita ya kawaida hula wati 1,500 na waya mwembamba hupata moto chini ya zulia bila mtu kujua. Izimwe mnapolala. Kama nyumba haikaliki bila hita usiku kucha, tatizo si lenu, ni la mtambo wa jengo. Soma sehemu ya mwisho.

Mlango wa nyumba na mlango wa ngazi huwekewa chuma cha kuifanya ijifunge yenyewe kwa makusudi. Tunajua mnavyoiwekea kipande cha mbao: watoto wanaingia na kutoka, mizigo ya dukani ni mingi, hodi zimezidi. Ondoeni. Na mlango usiojifunga, mwambieni meneja leo, msingoje ukaguzi. Mkikimbia moto, vuteni mlango nyuma yenu. Tendo hilo ndilo linalowapa watu wa juu muda wa kushuka.

King'ora cha moshi kikilia kwa sababu ya samaki anayekaangwa, washa feni, fungua dirisha, pepea kwa taulo. Ukikitoa betri umewanyima wengine habari. Mafuta yakishika moto sufuriani, zima jiko na ufunike kwa kifuniko. Usimwage maji, maana yataurusha moto hadi darini.

Madirisha yanayotoa jasho

Maharage yakichemka saa tatu, ugali ukasongwa, watu saba wakaoga, na nguo zikaanikwa sebuleni, maji yote hayo yanabaki hewani. Yakigusa kioo baridi yanakuwa matone. Yakigusa kona ya ukuta wa nje nyuma ya kabati, baada ya wiki chache utaona madoa meusi. Huo ni ukungu, na mtoto mwenye pumu ataanza kukohoa usiku kabla hujauona. Unapita pia kwenye dari na kuta kwenda kwa mwenzako.

Funika sufuria. Washa feni ya jikoni wakati wa kupika, na ya bafuni mpaka kioo kikauke. Fungua madirisha mawili yanayoelekeana kwa dakika tano, kisha yafunge. Hewa inabadilika, kuta hazipoi. Vuta kabati na kochi sentimita kadhaa kutoka ukuta wa nje. Matone ya asubuhi yafute kwa kitambaa. Kipimo cha unyevunyevu ni cha bei nafuu, na hewa nzuri iko kati ya asilimia 30 na 50.

Kuna wanaoziba matundu ya hewa kwa matambara kwa sababu ya ubaridi, au kwa sababu harufu ya vyakula vya jirani inawachosha. Ya harufu tunawaelewa, na wao huenda wanasema hivyohivyo kuhusu dagaa wetu. Lakini tundu likizibwa, jiko lako linakosa pa kutolea moshi.

Mabomba

Msafiri anayekwenda harusini jimbo jingine hupenda kuzima joto ili apunguze bili. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9, na bomba la shaba au plastiki halina pa kutanukia. Linapasuka, halafu barafu ikiyeyuka, maji yanamwagika kwenye dari ya aliye chini, juu ya kitanda chake na vitabu vya watoto wake. Ukisafiri, acha themostati kwenye nyuzi 55 za Farenhaiti au zaidi, yaani kama 13 za Selsiasi. Usiku wa baridi kali sana, fungua milango ya kabati chini ya sinki ili joto lifike kwenye mabomba, na uache bomba la ukuta wa nje lidondoshe maji kidogo kidogo.

Katika majengo ya zamani mtambo mmoja hupasha nyumba zote, na mara nyingi ghorofa ya juu huungua huku ya chini ikitetemeka. Wa juu anaacha dirisha wazi usiku kucha. Joto linatoka, na bomba lililo ukutani karibu na dirisha hilo linaweza kuganda. Mwite meneja arekebishe radieta. Dirisha si dawa.

Kinu, watoto na mtu wa chini

Sombe lazima litwangwe, na hakuna atakayewaambia muache. Ila sakafu ya mbao hugeuza kinu kuwa ngoma, na aliye chini huenda amerudi alfajiri kutoka zamu ya usiku kiwandani na ndiyo kwanza amelala. Kukosa usingizi ni jambo la afya: anayekesha hivyo siku nyingi ataendesha gari au kushika kisu cha kazini akiwa hoi. Weka kinu juu ya zulia lililokunjwa mara nne au godoro kuukuu, utwange mchana, au ununue lililotwangwa na kugandishwa. Majengo mengi hutaka utulivu kuanzia saa nne usiku hadi saa moja asubuhi. Angalia mkataba wako.

Watoto waliofungiwa na baridi watarukaruka. Usiwafunge kamba: wavike, watoke nje nusu saa, warudi wamechoka. Kukiwa na sherehe, mtangulie jirani. Mpelekee mandazi, mwambie itakwisha saa ngapi, mpe namba yako ya simu. Akikupigia wewe, hatampigia meneja wala polisi. Hilo limeokoa mahusiano mengi kuliko barua yoyote ya ofisini.

Viatu na ngazi

Kuvua viatu mlangoni ni adabu yetu, lakini korido ya jengo ndiyo njia ya kutorokea moto. Buti kumi na kigari cha mtoto vikiwa gizani penye moshi, mtu anaanguka. Theluji inayoyeyuka toka kwenye viatu nayo inateleza. Weka sinia la plastiki ndani ya mlango, viatu vyote vikae humo.

Nje, barafu inayotisha ni ile isiyoonekana, inayofanana na lami iliyolowa. Tembea kwa hatua fupi, mguu mzima ukikanyaga, mikono nje ya mifuko. Ukiona ngazi haijamwagiwa chumvi, muulize meneja iko wapi, umwage konzi chache mwenyewe. Bibi wa chumba cha kwanza akivunjika nyonga Januari, huenda asitembee tena vizuri.

Mwili wenyewe

Hewa ikiwa nyuzi sifuri za Farenhaiti, kama 18 chini ya sifuri za Selsiasi, na upepo wa kilomita 24 kwa saa, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Picha nyingi za maonyo huonyesha ngozi nyeupe iliyogeuka nyekundu. Ngozi nyeusi hupauka, huwa ya kijivu au hung'aa kama nta, na mahali hapo hufa ganzi. Usisugue, usipake theluji, usiweke karibu na moto. Tia kwenye maji ya uvuguvugu na utafute matibabu. Mtu anayetetemeka, kisha akaanza kuongea kama mlevi na kuchanganyikiwa, mwili wake umeshuka joto: piga 911.

Mtoto mchanga alale bila blanketi zilizolegea. Mvalishe nguo ya kulalia yenye joto. Kwenye kiti cha gari mvue koti nene kabla ya kumfunga mkanda, kisha umfunike juu yake, kwa sababu koti hilo hubonyea ajali ikitokea na mkanda unabaki umelegea.

Mwishoni mwa Desemba, Minneapolis jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Giza hilo huwaangusha watu moyo, na ngozi nyeusi hupata vitamini D kidogo zaidi kwa jua lilelile. Mwulize daktari. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama hupewa matone ya vitamini D, yuniti 400 kwa siku. Chanjo ya mafua ni ya kila mwaka kwa kila mtu kuanzia miezi sita. Mwenye kikohozi na homa aahirishe ibada ya nyumbani, hata kama wageni wameshaalikwa.

Joto likikosekana

Minnesota, sheria iliyoanza kutumika 2024 inamtaka mwenye nyumba atoe joto lisilopungua nyuzi 68 za Farenhaiti, yaani 20 za Selsiasi, kuanzia 1 Oktoba hadi 30 Aprili. Jiji la New York lina kiwango hicho hicho mchana wakati nje ni chini ya nyuzi 55, na nyuzi 62 usiku, kuanzia 1 Oktoba hadi 31 Mei. Majimbo mengine yana kanuni zao.

Tundika kipimajoto cha chumbani mbali na dirisha na jiko. Andika tarehe, saa na nyuzi, upige picha. Mpigie meneja, halafu mtumie ujumbe wa maandishi uleule, kwa sababu simu haiachi ushahidi. Kisha bisha hodi kwa wenzako kwenye korido. Kama nyumba nne zina baridi, andikeni barua moja yenye sahihi nne, na mkipiga simu idara ya ukaguzi wa nyumba ya jiji, tajeni nyumba zote. Mkiwa mlangoni, muulizeni mzee anayeishi peke yake kama yuko salama, na kama hita aliyonayo imechomekwa ukutani.