Mafunzo Niliyopata Baada ya Bomu la Nairobi

Wakenya wengi wa rika langu wanaweza kukueleza walikuwa wapi Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, asubuhi kabla ya saa tano. Mimi nilikuwa karani wa hesabu katika ofisi moja karibu na makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue, Nairobi. Lori lililojazwa baruti lililipuka nyuma ya ubalozi wa Marekani, jumba la Ufundi likaporomoka, watu 213 wakafa na maelfu wakajeruhiwa. Asubuhi hiyohiyo bomu jingine lilipiga ubalozi wa Marekani Dar es Salaam na kuua watu 11. Nilitoka na vioo mgongoni na sikio moja lisilosikia sawasawa. Vidonda vilifunga upesi. Yaliyobaki yalinichukua miaka, na ndiyo ninayomwandikia yeyote anayeishi na jambo la namna hiyo, liwe la vita, ubakaji, ujambazi au ajali ya basi.

1. Si kila anayekosa usingizi ni mgonjwa

Wiki za mwanzo karibu kila niliyemjua mjini alikuwa halali. Hilo ni jambo la kawaida. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kama asilimia 70 hupatwa na tukio zito la kutisha katika maisha yao, lakini wanaoishia na ugonjwa wa kiwewe (PTSD) ni asilimia 5.6 tu. Wengi hutulia wenyewe wakiwa na watu wao. Ndiyo maana madaktari hungoja mwezi upite kabla ya kuliita tatizo hilo ugonjwa.

Wenzangu walitulia, mimi nikazidi. Mlango wa matatu ukibamizwa, nilijikuta nimechutama barabarani. Vumbi la saruji likinifika puani, jasho lilinitiririka. Sikukubali kukaa karibu na dirisha, hata msikitini. Na muda wote huo nilijua vizuri kwamba mlango ni mlango tu.

Mshauri nasaha alinieleza baadaye kwamba sehemu ya ubongo inayotambua hatari haingoji ruhusa ya sehemu inayofikiri. Tukio la kawaida huhifadhiwa pamoja na siku yake na mahali pake. Tukio la kutisha mno hubaki vipandevipande: harufu, mlio, mwanga, bila tarehe. Kipande kimoja kikiguswa, mwili huitika kana kwamba jambo lenyewe linatokea sasa hivi. Maelezo hayo yalinipunguzia hofu kubwa kuliko ile ya bomu, hofu ya kwamba ninaingiwa na wazimu.

2. Kisomo na hospitali havigombani

Niliporudi kwetu Mombasa, mama alisema nimekumbwa na pepo. Nikapelekwa kwa sheikh, nikazinguliwa, nikanywa kombe, yaani maji yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini. Sina haja ya kumcheka mama. Sauti ya kisomo ilinituliza, na usiku ule nililala. Sheikh mwenyewe ndiye aliyemwambia, “Mama, kijana huyu anasumbuliwa na aliyoyaona. Tutaendelea kumsomea, lakini mpelekeni na hospitali.” Laiti viongozi wote wa dini wangesema hivyo. Nimekutana na mama mmoja aliyeambiwa atupe vidonge vyake ili aonyeshe imani, akarudi palepale alipoanzia.

3. “Sahau” ni shauri baya linalotolewa kwa mapenzi

Kila aliyenipenda aliniambia nisahau. Nami nilijitahidi kweli. Nikaacha kusoma magazeti, nikaacha kwenda mjini Nairobi hata kwa mazishi, nikawakimbia wafanyakazi wenzangu wa zamani. Kila nilipokwepa kitu nilipata nafuu kwa saa chache, na nafuu hiyo ndiyo iliyoufundisha mwili kwamba kukwepa ni dawa. Kesho yake orodha ya kukwepa ilikuwa imerefuka. Nilifika mahali ambapo maisha yangu yote yalikuwa kati ya nyumba, msikiti na duka la kona.

Daktari Frank Njenga na wenzake walichapisha mwaka 2004 utafiti uliowauliza Wakenya 2,883 hali zao mwezi mmoja hadi mitatu baada ya mlipuko. Asilimia 35 walikuwa na dalili zinazokaribiana na za ugonjwa huu. Zilionekana zaidi kwa waliojeruhiwa, waliofiwa, walioingia katika dhiki ya fedha, na wale ambao hawakuwa wamemweleza rafiki yaliyowapata. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kukata kesi, kwani huenda mgonjwa hanyamazi tu na kuugua, bali pia huugua na kunyamaza. Hata hivyo, mimi niliposoma hilo la rafiki nilijiona.

Ila tusivuke mpaka upande wa pili. Kumkalisha manusura usiku uleule na kumtaka aeleze kila kitu hakusaidii, na Shirika la Afya Duniani linashauri jambo hilo lisifanywe kwa watu wote kama desturi. Siku ya kwanza mpe maji, shuka, simu awapigie wake, na njia salama ya kufika nyumbani. Akitaka kusema, msikilize. Asipotaka, kaa naye.

4. Kusimulia kuna ufundi wake

Hili ndilo lililoniponya, kwa hiyo nitalikalia kidogo.

Kliniki niliyokwenda haikuwa na kitu cha ajabu: chumba kidogo, feni, mshauri mwanamke wa makamo. Kwanza alinifundisha kupumua polepole na kutaja vitu ninavyoviona chumbani, ili nikizidiwa nijue pa kurudi. Kisha akanitaka nisimulie asubuhi ile tangu nilipoamka, bila kuruka, kwa utaratibu wa saa. Nilipokimbilia mwisho alinirudisha. “Ulikuwa umeshika nini? Nani alikuwa kushoto kwako? Mwili ulihisi nini hapo?” Wiki iliyofuata tukarudia, na iliyofuata tena. Kusema kweli mwanzo nililala vibaya zaidi, na mara moja nilitaka kuacha. Yeye alikuwa ameniambia mapema kwamba itakuwa hivyo.

Kulikuwa na jambo moja nililolibeba bila kumwambia mtu. Kabla ya bomu lenyewe ulisikika mlio wa guruneti. Watu wa majumba ya jirani wakakimbilia madirishani kutazama, na ndiyo maana wengi sana walipoteza macho siku ile. Mwenzangu wa meza ya pili aliinuka akaenda dirishani. Mimi nilikuwa kwenye simu, nikabaki. Kwa miaka nilijiambia kwamba nilimwona akienda nikanyamaza, na kwamba giza lake ni deni langu.

Katika kusimulia tulifika hapo. Mshauri akauliza, “Kati ya mlio wa kwanza na wa pili, ulikuwa umesema maneno gani kwenye simu?” Nikayasema. Ilikuwa sentensi moja, wala sikuimaliza. Nilikaa kimya pale chumbani nikiipima sentensi ile. Ndani ya muda huo hakuna mtu ambaye angejua cha kumwambia mwenzake. Baadaye nilikwenda kumtembelea ndugu yule, nikamweleza yote. Akacheka, akasema, “Ndugu yangu, mimi nilikwenda dirishani kwa miguu yangu mwenyewe. Ungeniita nisingegeuka.”

Njia ya kusimulia kwa mpangilio si ya matajiri. Wataalamu wa Kijerumani waliikuza wakifanya kazi na wakimbizi, wengine wakiwa hapa jirani Uganda. Mgonjwa hutandaza kamba sakafuni kuwa ndiyo maisha yake, akaweka mawe pale palipomuumiza na maua pale palipokuwa na furaha, kisha akayasimulia maisha yote tangu kuzaliwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 kutoka kambi ya Nakivale yalionyesha kuwa wakimbizi wa Rwanda na Somalia walipata nafuu mikononi mwa wakimbizi wenzao waliofunzwa kazi hiyo kwa wiki chache. Hawakuwa madaktari. Kwa nchi zetu zenye wataalamu wachache, sioni habari njema kuliko hiyo.

5. Kuna dawa za kutibu na kuna za kuzimia

Vidonge vya usingizi vya aina ya diazepamu hulevya, huzoeleka, na havitibu kiwewe. Pombe na miraa ni vivyo hivyo. Zipo dawa za kutibu, kama sertralini na paroksetini, zinazochukua wiki kadhaa kabla ya kufanya kazi, na hutolewa na daktari anayekufuatilia. Mimi nilizitumia pamoja na mazungumzo. Sioni aibu.

6. Wa nyumbani nao hulipa

Ugonjwa huu hukufanya mkali bila sababu. Mke wangu aliyabeba mengi ambayo hakuyatenda. Siku mshauri alipomwita, kwa mara ya kwanza alisema mbele yangu, “Baba Salim, mimi na watoto tunatembea kwa vidole humu ndani.” Alifundishwa asinitikise nikiota ndoto mbaya, bali asimame mwisho wa kitanda aite jina langu. Kitu kidogo, lakini kilituokolea usiku mwingi. Kliniki inayomtibu manusura bila kumwita hata mara moja anayeishi naye inafanya nusu ya kazi.

7. Kupona hakuzuii kurudi

Tarehe 21 Septemba 2013, duka la Westgate, Nairobi, liliposhambuliwa katika shambulio lililoua watu 67, nilitazama televisheni mchana kutwa. Ndani ya wiki ile ndoto zilirudi. Safari hii nilijua zinaitwaje na nilijua mlango wa kubisha. Nilirudi kliniki, tukafanya vikao vichache, zikatulia. Tangu hapo picha za mashambulizi sizitazami, na anayenitumia video kwenye simu namfuta bila maelezo. Kuna watu wanaodhani kusambaza picha za maiti ni kuomboleza.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ikiwa mwezi umepita tangu likupate lililokupata na bado linakurudia mchana na usiku, nenda hospitali ya serikali iliyo karibu nawe uulizie kliniki ya afya ya akili. Ukifika usiseme tu kwamba hulali au kichwa kinauma, maana utapewa vidonge vya usingizi urudi nyumbani. Taja tukio lenyewe na siku lilipotokea. Ukishindwa kulitamka, liandike kwenye karatasi umpe daktari.