Hadhari kwa Wanaohamia Linux: Nakala Kwanza

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipokoma kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wake wa kawaida, malalamiko yamemiminika katika idara hii ya mafundi wa kompyuta, na aghalabu ya walalamikaji hawakudhurika na wezi wa mtandaoni waliokuwa wakiwahofu, bali walijidhuru kwa mikono yao wenyewe siku walipojaribu kuweka mfumo wa Linux mahali pake. Idara haikubali lawama kwa hayo, maana haikuacha kuonya.

Hatari yenyewe ni moja. Katika kuweka Ubuntu au Linux Mint, ambazo ni aina za Linux, hutokea ukurasa unaouliza mfumo mpya ukae wapi. Na jibu lililo jepesi, ambalo mgeni hulibonyeza akidhani anaiondoa Windows peke yake, hufuta diski nzima, pamoja na picha za arusi, hesabu za duka na hati za mirathi. Basi kabla ya jambo lo lote, nakili mafaili yako katika diski ya nje, uichomeke katika kompyuta nyingine, uyafungue machache na kuyasoma, kwani nakala ambayo haijafunguliwa haina yakini. Wala nakala hiyo isikae katika flashi ile ile utakayowekea Linux, maana nayo hufutwa inapotayarishwa. Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker ya Windows, andika kwanza karatasini ufunguo wake wa tarakimu 48. Twarudia: nakala kwanza.

Usiharakishe kuweka cho chote. Linux yaweza kuendeshwa kutoka katika flashi pasi na kuigusa diski, nawe ukajaribu hapo sauti, Wi-Fi na printa.

Mengine ni ya kuzoea tu. Uandikapo nywila katika dirisha la amri, huenda pasitokee hata nukta, ilhali herufi zinaingia; wengi wamekuja kulalamika kwamba kibodi imekufa! Barua na barua, moja kwa herufi kubwa na moja kwa ndogo, huwa mafaili mawili. Na programu za Windows hazifunguki zenyewe, bali hutafutiwa mbadala, kama LibreOffice.

Kumbukumbu (RAM) ya GB 4 kwa kawaida yaitosha Linux Mint. Kompyuta ya mwajiri haihamishwi bila idhini yake. Masharti mengine yamebandikwa mlangoni petu. Msaada wa mafundi wetu ni bure, lakini fundi atauliza nakala iko wapi kabla hajaiwasha kompyuta, na asiyekuja nayo atarejeshwa.