TeXstudio au Notepad?

Swali: Niko Nundu, naandika kazi yangu ya kumaliza masomo kwa LaTeX. Nitumie programu maalumu kama TeXstudio, au Notepad inatosha?

Jibu: Anza na TeXstudio. Ni kweli faili la .tex ni maandishi matupu, na Notepad italifungua. Kinachopanga kurasa za LaTeX ni TeX, mtambo alioutoa Donald Knuth mwaka 1978, wala si kihariri. Wapenzi wa vihariri vyepesi hushikilia hoja hiyo. Lakini kinachomkwamisha mgeni ni kosa, si kuandika: bano moja lisilofungwa huweza kusimamisha kazi nzima, na TeXstudio hukupeleka karibu na mstari wenyewe. Utasema ni nzito kwa kompyuta kuukuu. Hapana, kilicho kizito ni kifurushi chenye TeX yenyewe, kama TeX Live, gigabaiti kadhaa, nacho utakihitaji hata ukiwa na Notepad. Kipakue mara moja palipo na mtandao mzuri, ukibebe kwa flashi. Overleaf, kihariri cha mtandaoni, hutaka intaneti kila saa, kwa hiyo usiitegemee. Mkono ukizoea, hamia kihariri chepesi kama Vim ukipenda: faili ni lile lile, hubadilishi hata herufi.