Nani Mkali Kuliko Wote? Somo la Kubishana kuhusu Mabondia wa Uzito wa Juu

Ubishi wa mpira una mwisho wake. Timu zikikutana tena, aliyefungwa ananyamaza mpaka msimu ujao. Ubishi wa ngumi za uzito wa juu hauna bahati hiyo, kwa sababu wanaobishaniwa hawatakutana kamwe. Rocky Marciano alifariki mwaka 1969, Joe Louis 1981, Muhammad Ali 2016, George Foreman 2025. Hakuna marudiano. Yamebaki maneno, na maneno ya kijiweni yanajulikana: mmoja anapiga meza akisema Ali, wa pili anasema Tyson angemmaliza yeyote raundi ya kwanza, wa tatu, yule mwenye bando, anasoma kwenye simu: "Marciano, mapambano 49, kashinda 49. Tufunge mjadala."

Tusiufunge. Ubishi huu ni darasa zuri la jambo ambalo kila idara inatudai tunapoandika kazi zetu, yaani kupima ushahidi. Makala haya hayatataja mshindi. Yanapendekeza hatua tano za kupita kabla hujamtaja wako, na ya tano ndiyo wengi wetu huiruka.

Hatua ya 1: Taja swali unalojibu

Neno "mkali" limebeba maswali manne. La kwanza: siku ya ubora wake wa juu kabisa, nani angemweza? La pili: katika zama zake aliwapiga akina nani? La tatu: alidumu kileleni muda gani? La nne: jina lake lilifanya nini nje ya ulingo?

Mtetezi wa Mike Tyson kwa kawaida anajibu swali la kwanza. Novemba 22, 1986, Tyson alimsimamisha Trevor Berbick raundi ya 2 na kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu mwenye umri mdogo kuliko wote, miaka 20. Juni 1988 alimmaliza Michael Spinks, ambaye hakuwa amewahi kupoteza pambano, ndani ya sekunde 91. Kwa swali hilo hoja ina nguvu. Mtetezi wa Joe Louis anajibu swali la tatu: alichukua taji Juni 1937, akaliacha kwa hiari Machi 1949, akiwa amelitetea mara 25. Hakuna bingwa wa uzito wa juu aliyefikia idadi hiyo.

Sasa ukimwambia wa Tyson "Louis alidumu miaka karibu 12", hujamjibu. Na yeye akikujibu "lakini Tyson alikuwa na kasi", hajakujibu. Mnapishana kama mabasi mawili, na ndiyo maana sauti zinapanda.

Hatua ya 2: Soma rekodi pamoja na majina na umri

Turudi kwa mwenye bando. Rekodi ya Marciano ni ya kweli: mapambano 49, ushindi 49, nokauti 43. Ila namba haisemi yenyewe, inahitaji majina. Oktoba 1951 alimpiga Joe Louis, lakini Louis huyo alikuwa na miaka 37, alishastaafu, akarudi. Jersey Joe Walcott, aliyemvua taji mwaka 1952, alikuwa na miaka 38. Archie Moore, mpinzani wake wa mwisho mwaka 1955, alikuwa bingwa wa uzito wa chini kidogo.

Je, hiyo inamfanya Marciano kuwa bingwa wa bandia? Hapana. Bondia anapigana na waliopo. Ezzard Charles, aliyekutana naye mara mbili mwaka 1954, alikuwa fundi hasa, na pambano la kwanza lilikwenda raundi zote 15. Umri wa wapinzani unapunguza uzito wa namba, lakini hauifuti.

Kipimo hichohicho kitumike kwa Ali. Rekodi yake ina ushindi 56 na vipigo 5. Ukivisoma kwa tarehe: Joe Frazier 1971, Ken Norton 1973, Leon Spinks na Larry Holmes na Berbick kati ya 1978 na 1981. Vitatu vya mwisho vilimkuta akiwa na miaka 36 kwenda mbele. Frazier, Norton na Spinks aliwarudia wote akawashinda. Kwa hiyo "49 kwa 0" na "56 kwa 5" si namba za kuwekwa kwenye mizani moja bila maelezo. Aliyestaafu akiwa na miaka 32 na aliyeendelea mpaka 39 hawakuchukua hatari sawa.

Hatua ya 3: Usitumie hesabu ya "A kampiga B"

Hii hesabu inapendwa sana: kama A kampiga B, na B kampiga C, basi A angempiga C. Kwenye darasa la hisabati inafanya kazi kwa namba. Kwa mabondia, miaka ya sabini iliivunja mbele ya dunia nzima.

Machi 8, 1971, Frazier alimshinda Ali kwa pointi jijini New York, akamwangusha raundi ya 15. Januari 1973, Kingston, Jamaika, Foreman alimwangusha Frazier mara sita katika raundi mbili. Ukifuata hesabu yetu, Foreman alitakiwa kumla Ali kama kitafunwa, hasa kwa kuwa Norton, aliyemvunja Ali taya, naye alikuwa ameshapigwa na Foreman raundi ya 2.

Oktoba 30, 1974, kabla ya alfajiri, walikutana Kinshasa, Zaire. Foreman alikuwa na miaka 25 na mapambano 40 bila kupoteza hata moja. Ali alikuwa na miaka 32. Uwanja ulimshangilia Ali kwa Kilingala. Ali akafanya jambo ambalo kona yake mwenyewe ilimpigia kelele aliache: akaegemea kamba, akafunga mikono usoni, akamwacha Foreman apige mpaka mikono ikawa mizito. Raundi ya 8 Foreman akaanguka na kuhesabiwa.

Basi Frazier kampiga Ali, Foreman kampiga Frazier, Ali kampiga Foreman. Duara. Frazier aliyekuwa akiingia ndani akiwa ameinama, alikuwa anajipeleka mwenyewe kwenye ngumi za Foreman. Foreman naye hakuwa na pumzi ya kupiga usiku kucha mtu asiyeanguka. Kila mtindo una mtindo unaouchukia.

Hatua ya 4: Uliza sheria zilikuwaje

Hapa kuna kitu ambacho vijiwe vingi havijakiona. Leo pambano la ubingwa ni raundi 12. Zamani lilikuwa raundi 15. Mabadiliko yalianza baada ya bondia wa Korea Kusini, Duk Koo Kim, kupoteza maisha kutokana na pambano la Novemba 1982 lililofika raundi ya 14.

Sasa twende Philadelphia, Septemba 23, 1952. Walcott alimwangusha Marciano raundi ya kwanza kabisa. Baada ya raundi 12, kadi zote tatu zilikuwa upande wa Walcott. Raundi ya 13 Marciano akapiga konde moja fupi la kulia, kazi ikaisha. Kwa sheria za leo pambano lingekuwa limekwisha dakika chache kabla, na ile 49 kwa 0 isingekuwepo duniani.

Louis naye? Juni 18, 1941, Billy Conn, mtu mwepesi kuliko yeye kwa kiasi kikubwa, alikuwa akiongoza kwenye kadi mbili na sare kwenye ya tatu baada ya raundi 12. Louis akammaliza raundi ya 13. Kwa sheria za leo Louis angekuwa amevuliwa taji, na zile mara 25 zisingetimia.

Usikimbilie kusema "kumbe walibebwa na raundi". Bondia anayejua ana raundi 15 hugawa nguvu zake kwa 15. Angejua ana 12, pengine angeanza mapema. Na Conn, kwa maelezo yanayokubalika sana, aliingia raundi ile akitaka kumwangusha Louis badala ya kulinda uongozi wake. Funzo ni dogo lakini gumu: matokeo ni mtoto wa sheria zilizokuwepo, na huwezi kuyahamishia zama nyingine ukaziacha sheria nyuma.

Miili nayo imebadilika. Marciano alipanda ulingoni na kilo 84 au 85. Leo asingekuwa hata uzito wa juu, maana chini yake kuna daraja linaloishia kilo 90.7. Kwa hiyo ukisema "Tyson Fury angemkalia", umesema kweli kuhusu kilo, lakini hujasema lolote kuhusu ukubwa wa Marciano katika zama zake.

Kuna waliodhani mashine ingeamua. Mwaka 1969, Ali akiwa amefungiwa na Marciano akiwa mstaafu wa miaka 13, walirekodiwa wakiigiza pambano lenye miisho kadhaa, kisha kompyuta ikatajwa kuwa ndiyo mwamuzi. Marciano alifariki kwa ajali ya ndege kabla filamu haijaoneshwa Januari 1970. Watazamaji wa Marekani walimwona akimwangusha Ali raundi ya 13. Wa Ulaya walioneshwa toleo ambalo Ali ndiye mshindi. Tunaoishi na programu zinazojibu kila swali kwa sekunde mbili tulikumbuke hilo: mashine hujibu kwa kile ilicholishwa, na wakati mwingine kwa kile mteja anachotaka.

Hatua ya 5: Tafuta wasiopewa ulingo

Hatua zote nne zilizopita zinachukulia kwamba walio kwenye orodha ndio waliokuwa bora. Kwa uzito wa juu hilo si kweli kwa muda wa nusu karne.

Bingwa John L. Sullivan alitangaza kwamba hapigani na mtu mweusi. Mwaka 1891 Peter Jackson, mweusi aliyekulia Australia, alipigana na James Corbett raundi 61 bila mshindi kupatikana. Mwaka uliofuata Corbett alipewa nafasi dhidi ya Sullivan, akawa bingwa. Jackson hakupewa nafasi hiyo hata siku moja.

Jack Johnson aliivunja kufuli alipomshinda Tommy Burns mjini Sydney, Desemba 26, 1908. Alipompiga Jim Jeffries mjini Reno, Julai 4, 1910, Weusi walishambuliwa na hata kuuawa katika miji mbalimbali ya Marekani. Hata hivyo, Johnson mwenyewe, katika miaka zaidi ya sita ya ubingwa, alimpa Mweusi mwenzake nafasi ya kugombea mara moja tu, Paris mwaka 1913, na huyo hakuwa Sam Langford wala Joe Jeannette, waliokuwa wakimfuata kwa nguvu zaidi.

Johnson alipopoteza taji mwaka 1915, mlango ukafungwa tena mpaka Louis alipougusa mwaka 1937. Miaka 22. Katikati hapo Jack Dempsey alikuwa bingwa miaka saba, na mpinzani aliyetajwa sana kwa kumstahili, Harry Wills, alisaini mkataba wa pambano lisilofanyika. Mapromota na wanasiasa waliogopa Reno nyingine. Wills na Langford wakabaki kupigana wao kwa wao, zaidi ya mara kumi, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kukubali. Langford aliishia kipofu na maskini.

Sasa fungua ile simu. Rekodi ya Langford ina vipigo vingi na haina taji la dunia. Ya Dempsey inang'aa. Karatasi inakuambia Dempsey ni mkubwa zaidi, na karatasi haidanganyi, inaeleza tu yaliyotokea. Pambano lililozuiwa haliandikwi popote. Anayesema "namba zinajieleza" anarudia, bila kujua, uamuzi wa waliofunga mlango.

Ali ana pengo la aina nyingine. Alipokataa kuandikishwa jeshini Aprili 1967, alinyang'anywa leseni. Kati ya Machi 1967 na Oktoba 1970, akiwa na miaka 25 mpaka 28, hana pambano hata moja. Ali bora kuliko wote huenda ni yule ambaye hatukumwona. Lakini pengo hilohilo ndilo lililompa alama nyingi kwenye swali la nne, na hata hapo tupime kwa haki. Februari 1980 Rais Carter alimtuma Afrika kushawishi nchi zisusie Olimpiki ya Moscow. Kituo cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam, na Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Alipendwa na wananchi, ujumbe wake ukakataliwa. Yote mawili ni sehemu ya alichoacha.

Jinsi ya kuiweka hoja yako

Hoja iliyopikika ina sehemu tatu: swali, ushahidi, na udhaifu wake. Kwa mfano: "Kwa swali la kudumu namweka Louis juu, kwa sababu ya miaka karibu 12 na utetezi 25. Udhaifu wa hoja yangu ni Conn, aliyekuwa akiongoza mpaka raundi ya 12." Mwenzako sasa ana pa kushika. Atakubishia hoja, hatakubishia sauti.

Maswali ya mjadala

1. Louis alipigwa na Max Schmeling mwaka 1936, akamwangusha raundi ya kwanza mwaka 1938. Tyson alipigwa na Buster Douglas mwaka 1990, na hawakurudiana. Je, kipigo kisichorudiwa kina uzito zaidi?

2. Foreman alichukua tena taji Novemba 1994 akiwa na miaka 45, kwa nokauti ya raundi ya 10. Ushahidi huo ni wa ubora wake, au wa unyonge wa zama zile?

3. Chagua orodha yoyote ya "bora wa wakati wote" katika fani unayosoma. Nani walizuiwa kuingia ulingoni kabla orodha haijaandikwa, na nani aliyewazuia?