SOMO: JAMAA ZA MWENYE KUUA

Bismillahi Rahmani Rahim.

Katika darasa letu lililopita ndugu mmoja aliuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo, nalo ni hili. Mama mmoja katika mji wetu, mwanawe ameua. Kesi imekwisha na kijana yumo gerezani. Lakini tangu siku ile mama huyo haji tena darasani, wanawake wenziwe hawamwiti arusini, na posa ya bintiye imevunjwa. Je, sheria yasemaje juu ya mama huyu, na sisi yatupasa tumfanyeje?

Twamwomba msomaji asidhani kwamba swali hili ni la nyumba moja. Hapa petu Meru msiba wa namna hii ulikwisha kutufika, tena kwa wingi wa kutisha. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya sekondari ya St. Kizito huko Tigania, wavulana waliokuwa katika mgomo waliwavamia wasichana wa shule hiyo hiyo, kwa kuwa wasichana walikataa kugoma pamoja nao. Wasichana wakakimbilia katika bweni moja, na wavulana wakalivunja. Kulipokucha wasichana 19 walikuwa wamekufa, wengi wao kwa kubanana na kukosa pumzi, na wengine zaidi ya 70 walikuwa wamenajisiwa. Na waliotenda hayo hawakutoka nchi ya mbali. Walikaa darasa moja na wale waliowaua, na wazee wa pande zote mbili walikuwa wazazi wa shule moja.

Baada ya msiba ule mmoja katika wakubwa wa shule alinukuliwa akisema kwamba wavulana hawakuwatakia wasichana madhara yoyote, ila walitaka kuwanajisi tu. Maneno haya yalisomwa duniani kote, na watu wakayastaajabia. Sisi twayataja hapa kwa sababu yanaonyesha mtego wa kwanza unaowanasa walio karibu na mkosaji, nao ni kulifanya kosa kuwa dogo. Mzazi husema: alikuwa mtoto, alivutwa na wenziwe, alirogwa, marehemu naye alikuwa na maneno makali. Huyasema hayo kwa mapenzi wala si kwa ubaya, lakini kila neno katika hayo humfikia mzazi wa marehemu kama jeraha jipya. Shule ile ilifungwa, kisha ikafunguliwa kuwa ya wavulana watupu kwa jina la St. Cyprian. Shule yaweza kupewa jina jipya. Mama hawezi kulibadili jina la mwanawe, wala hawezi kumwambia jirani kwamba hakumzaa.

Sasa tuitazame sheria. Mwenyezi Mungu ametufunulia katika Qur'ani, si mara moja, kwamba hakuna nafsi itakayobebeshwa dhambi za nafsi nyingine. Naye Bwana Mtume (s.a.w.) katika Hija yake ya kuaga, mwaka wa 10 wa Hijra, aliwatangazia watu kwamba mwenye kutenda jinai hujitendea mwenyewe, kwamba mzazi hashikwi kwa jinai ya mwanawe wala mwana kwa jinai ya mzazi wake. Siku zile zile alizifuta damu zote zilizokuwa zikidaiwa tangu zama za ujahili, na damu ya kwanza aliyoifuta ilikuwa ni ya jamaa yake mwenyewe. Waarabu wa ujahili walikuwa mtu wao akiuawa hawamtafuti muuaji; humwua yeyote katika ukoo wake, na aghalabu humchagua aliye bora kuliko wote.

Wazee wetu wa nchi hizi za Mlima Kenya walikuwa na mwendo ulio mpole zaidi. Mtu akiua, ukoo wake hutoa wanyama kuupa ukoo wa marehemu, na wazee wa baraza husimamia mpaka jambo likaisha. Kuna hekima humo, kwa kuwa hupoza kisasi. Lakini wanazuoni wa Kiislamu wamepambanua jambo moja ambalo halina budi kukumbukwa: jamaa za muuaji husaidia kuilipa diya iliyotokana na kuua kwa bahati mbaya, kama mtu aliyelenga mnyama akampata mwanadamu. Ama aliyekusudia kuua, diya yake ni juu ya mali yake mwenyewe, wala jamaa hawalazimishwi. Hii ni rehema. Sheria imeona kwamba kuchangia kosa la makusudi ni sawa na kuwashirikisha watu katika dhambi wasiyoijua.

Basi je, jamaa wako huru, hawana jambo juu yao? La, hawako huru hivyo. Tumeamrishwa kusimama katika haki na kutoa ushahidi hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa vipi mtu atamsaidia nduguye aliye dhalimu, alijibu kwamba msaada wake ni kumzuia na dhuluma. Katika shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015, walipouawa watu 148, wengi wao wanafunzi, mmoja wa wauaji alikuwa kijana aliyesomea sheria Nairobi, mwana wa chifu katika Mandera. Serikali yenyewe ilieleza kwamba babaye alikuwa amekwisha kutoa khabari za kupotea kwake, na alikuwa akisaidia kumtafuta. Hakufanikiwa, lakini hakuficha. Tujiulize: ni wangapi kati yetu tungaliweza kupiga hodi mlangoni pa polisi kwa ajili ya mtoto tuliyemlea?

Wako pia wasiojua lolote. Shambulio la Dusit mjini Nairobi liliua watu 21 mwezi wa Januari 2019, na mama wa mmoja wa washambulizi alikamatwa papa hapa jirani, Isiolo, akahojiwa. Mama wa namna hii hupata misiba miwili: mwana amekufa katika maasi, na watu hawaji kumpa tanzia. Na nani atakayethubutu kulia hadharani? Hapa tumkumbuke Nabii Nuh (a.s.). Alimwita mwanawe apande safina mpaka wimbi likawatenga, na baada ya kuzama alimlilia Mola wake. Alifundishwa kwamba yule si katika watu wake kwa matendo yake; hakukatazwa kuwa na moyo wa mzazi.

Juu ya maziko pana ubishi mwingi, na baadhi ya watu wetu husema kwamba muuaji hasaliwi. Si hivyo. Aliyekufa Mwislamu husaliwa, hata akiwa na dhambi kubwa. Mtume (s.a.w.) aliacha kumsalia mtu aliyeiba katika ngawira, lakini aliwaambia Masahaba wamsalie mwenzao. Kwa hiyo sheikh au imamu akijitenga ili kuonya, ana mfano mwema. Jamaa na majirani wasiache.

Ama kuwasusa walio hai, hilo halina asili. Wapokezi wa sira wamesimulia kwamba Ikrima, mwana wa Abu Jahl, alipokuja kusilimu baada ya kufunguliwa Makka, Masahaba walikatazwa kumtukana babaye mbele yake, kwa kuwa kumtukana maiti humwudhi aliye hai wala hakumfikii maiti. Na Abu Jahl alikuwa nani, kila mwanafunzi ajua. Vijana wetu wanaomwimbia binti wa watu jina la kaka yake njiani na wasikie. Na wale wanaouza hirizi za kutoa "damu mbaya" katika nyumba ya muuaji, hao wala mali ya wenye msiba bure.

Basi jibu la swali ni hili. Mama huyu hana dhambi ya mwanawe. Amtembelee gerezani, amhimize kutubu, wala asimtafutie udhuru. Akiweza, apeleke ujumbe kwa jamaa za marehemu kwa mkono wa mtu mzima wanayemheshimu, asiombe asamehewe mwanawe, ila awape pole tu. Wakikataa kumpokea, haki yao. Nasi yatupasa tuanze kwa wale waliofiwa, kwani darasa hili, twaona haya kusema, lilikwenda mazikoni kisha halikurudi tena nyumbani kwao.

Ijumaa iliyopita baada ya Alasiri, wanawake wanne wa darasa walikwenda kwa wafiwa, na Jumamosi wakaenda kwa mama yule. Walimkuta akipepeta mchele. Aliwauliza kama wamepotea njia.