Mguu Wangu Ulivunjika Mara Mbili

Miaka tisa nimeendesha bodaboda Malindi, na lami naijua kama kiganja changu. Mguu wa kushoto ulivunjikia kwingine: kijia cha mchanga upande wa Langobaya, saa kumi jioni mwaka 2025, pasipo gari wala askari.

1. Mchanga una reli yake

Ukiacha lami, magurudumu ya waliokutangulia yamekwisha kuchora mstari mmoja mgumu katikati ya mchanga tifutifu. Anayekwenda anaufuata, anayerudi anaufuata. Penye kona, vichaka vimeziba macho, nikakutana uso kwa uso na kijana aliyepakia mitungi minne ya maji, ya lita 20 kila mmoja. Hizo ni kilo 80 nyuma ya kiti. (Pampu za Baricho zinasukuma maji ya mto Sabaki hadi Malindi, Kilifi na Mombasa, lakini vijijini huku yanafika kwa boda.) Nilikamata breki ya mbele. Kwenye lami ndiyo mwokozi. Mchangani gurudumu lilididimia na usukani ukageuka wenyewe. Hakukuwa na kishindo kikubwa. Mguu wangu ulibanwa tu kati ya bampa yake na injini yangu.

2. Mkono wa msaada nao huvunja

Chini ya goti mguu ulikuwa umepinda, lakini ngozi ilikuwa nzima. Wanaume wawili wakakimbia kutoka shambani, wakaniinua, wakaniweka mshikaki katikati yao, mguu ukining'inia. Kwenye korongo la kwanza pikipiki iliruka, na mfupa ukatoboa ngozi. Huo ndio uvunjikaji wa pili, na ndio ulionilaza wodini majuma matano. Mfupa uliovunjika ndani ya ngozi nzima ni ugonjwa mmoja. Uliotokeza nje ni mwingine kabisa, kwa kuwa vumbi na samadi ya njiani vimepata mlango wa kuingia hadi kwenye uboho.

Kumbe dawa ilikuwepo palepale. Vijiti viwili vilivyonyooka, kitambaa laini katikati, leso mbili za kufungia juu na chini ya palipovunjika, kisha mguu mbovu ufungwe pamoja na mzima. Halafu utafutwe usafiri wa kulaza mtu, hata kama ni kitanda cha kamba nyuma ya pikapu, na hata ukichelewa nusu saa.

Mmoja wa wale wanaume tulikutana baadaye sokoni. Akauliza, "Mguu vipi, ndugu yangu?" Nikamjibu umepona, ahsante sana. Mengine sikumwambia.

3. Maji kwanza

Tulipofika zahanati, mama mmoja alinitolea tumbaku ya kusaga, na mzee mmoja akashauri mafuta ya taa. Muuguzi aliwashukuru wote, akawatoa nje. Alimimina chupa za maji ya dripu juu ya kidonda, moja baada ya nyingine, akakifunika kwa kitambaa safi bila kuusukuma mfupa ndani, akanichoma sindano ya pepopunda na kuanza antibiotiki papo hapo, kabla gari la wagonjwa halijafika. Daktari wa mifupa alinieleza kwamba antibiotiki haingoji thieta: kila saa inayopita, vijidudu vinazidi kujijenga. Kidonda chenyewe hawakukishona siku ile. Nilirudishwa thieta mara mbili kutolewa nyama iliyokufa, huku mfupa ukishikwa na vyuma vilivyotokeza nje kama antena.

4. Tazama vidole

Mjomba wangu alitaka nipelekwe kwa fundi wa mifupa kijijini. Simdharau fundi, mfupa mwepesi usio na kidonda ameuunga mara nyingi, na watu wanatembea. Lakini jirani yangu wa wodini alikuwa amefungwa mabanzi yaliyokaza siku tatu, mguu ukivimba ndani yake. Msuli unaovimba bila nafasi hujinyonga wenyewe. Dalili zake nimezikariri: maumivu yanayozidi badala ya kupungua, ukivuta vidole mtu anapiga kelele, kisha ganzi, kisha ubaridi. Ukiona hivyo, legeza mafundo na kimbilia hospitali, hata kama ni usiku wa manane. Plasta ya hospitali nayo inaweza kufanya vivyo hivyo.

5. Kofia

Ilikuwa imetundikwa kwenye usukani, maana kule hakuna askari. Kichwa changu kilitua mchangani, basi. Mwingereza T. E. Lawrence, aliyepigana Uarabuni, alianguka na pikipiki mwaka 1935 akikwepa wavulana wa baiskeli kwenye njia ya mashambani, akafa bila kuzinduka. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, ndiye aliyechunguza wapanda pikipiki wa jeshi na kuandika mwaka 1941 kwamba kofia zinaokoa.

6. Bima ya boda si bima yangu

Ile ya lazima tunayokata ni ya abiria na watu wengine, anayeendesha hayumo. SHA, bima ya afya ya serikali, nayo nilikuwa nimejisajili tu, sijalipa. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na sisi tusio na mshahara tunatakiwa kulipa ya mwaka mzima, 3,600. Mimi niliuza mbuzi wanne na pikipiki yenyewe.

Sasa naendesha ya tajiri. Chini ya kiti mna leso mbili na vijiti viwili, na wenzangu wa steji wananiita daktari. Yule kijana wa mitungi bado tunapishana kona ileile. Mimi hupiga honi kabla sijaifikia. Yeye hushuka, akaisukuma pikipiki hadi nje ya mstari, na kungoja.